Mwezi wa Mundu

Kila Jumamosi asubuhi, kabla hajanywa hata chai, Bi Bogumiła Zawiślak wa mji wa Tarnów alitoka na kitambaa akasugua kibao cha shaba kilichokuwa mlangoni pake. Kibao kilisema ZAWIŚLAK, MFAMASIA. Mfamasia mwenyewe, mumewe Wiesław, alikuwa na miaka minne kaburini, lakini jina lilikuwa bado mlangoni, na maadamu yeye alikuwa hai, jina hilo halingefubaa wala kusemwa vibaya na mtu.

Yeye alikuwa mwalimu mstaafu. Kwa miaka thelathini na minne alifundisha Kipolandi sekondari, na wanafunzi wake wa zamani, ambao wengine sasa walikuwa na vipara na wajukuu, wakimwona sokoni bado walichomoa mikono mifukoni. Ilisemekana, na ilikuwa kweli, kwamba siku moja alisimama mbele ya tangazo la kifo lililobandikwa ukutani karibu na kanisa, akatoa kalamu nyekundu mkobani, akaongeza mkato uliosahauliwa, ndipo akamwombea marehemu.

Mtu mmoja tu mjini hakumwogopa, naye alikuwa wifi yake. Halszka, dada wa marehemu, alikuwa na saluni karibu na stesheni, na katika saluni hiyo alijifunza kusema lolote kwa mtu yeyote, kwa sababu mtu mwenye rola kichwani hawezi kuinuka akaondoka.

Pasaka iliyopita, ukoo mzima ukiwa mezani, watu kumi na wanne, Halszka alikata yai lake vipande viwili akasema, kama anayezungumzia hali ya hewa:

"Kaka yangu amekufa hajaingia kwenye bahari ya vuguvugu hata siku moja. Kila mwaka alitaka kwenda Kroatia. Kila mwaka kuna mtu alisema, mwakani."

Vijiko vilisimama. Kilichomchoma Bogumiła ni kwamba ilikuwa kweli. Mwakani, baada ya kutengeneza paa. Mwakani, baada ya mtoto kumaliza chuo. Wiesław alikuwa amekwisha nunua hata kofia ya ufukweni, nayo ilikuwa bado kabatini na karatasi yake ya bei.

"Basi mwaka huu tunakwenda," Bogumiła alisema. "Mimi na wewe, wifi. Nitapanga kila kitu mwenyewe, na tutakwenda kwa heshima bila kutupa pesa."

"Upange wewe?"

"Unadhani siwezi kupanga?"

"Kupanga sentensi unaweza, wifi. Hii ni safari."

Watoto walicheka, na watu wazima wakajidai wanakohoa. Halszka aliweka uma chini.

"Haya, nakwenda. Gari langu, mpango wako. Lakini nisikilizeni nyote muwe mashahidi. Nikifika huko nikakosa kitanda, hadithi yake nitaisimulia mezani hapa mkesha wa Krismasi. Mwaka huu, na mwakani, na kila mwaka mpaka mnizike."

"Na ukikikuta kitanda?"

Halszka alifikiri kidogo. "Nikikikuta, nitasimama hapa hapa niseme kwamba kaka yangu alioa vizuri."

Kwa miaka thelathini na tisa Halszka hakuwahi kusema neno hilo. Bogumiła alijifuta mdomo kwa kitambaa, akakikunja mara nne. "Leta yai jingine," alisema, lakini moyoni alikuwa amekwisha anza kupakia.

Rafiki yake mmoja, mwalimu wa hesabu, alimpa anwani ya mama mmoja mjane, Bi Perina, aliyekuwa na chumba cha kupangisha katika kijiji cha Smokvina Draga, pwani ya Dalmatia, ghorofani, dirisha likitazama bahari. Mambo yote yalikwenda kwa barua, bila wakala wa kukata chake katikati. Bogumiła aliandika kwa Kipolandi safi na Perina akajibu kwa Kikroatia chake.

"Na mnaelewana?" Halszka aliuliza.

"Wifi yangu, lugha hizi ni dada. Ukiwa umesoma moja sawasawa, nyingine zinakufungulia mlango zenyewe. Sijafungua hata kamusi."

Jibu la Perina lilikuwa fupi, kwa mwandiko wa kupendeza. Chumba ni chenu, tarehe tano mpaka kumi na tano, na jina la mwezi likafuata, limeandikwa kwa herufi kamili: *srpnja*. Bogumiła alifurahi sana. Watu wa siku hizi huandika tarehe kwa namba tupu kama namba za gari, lakini huyu alikuwa mstaarabu. Na neno lenyewe lilikuwa karibu pacha wa *sierpień*, Agosti ya Wapolandi. Aliingiza barua kwenye faili la plastiki, akaandika juu yake AGOSTI kwa kalamu nyekundu, akapiga mstari chini.

Wakaondoka tarehe tatu Agosti alfajiri, katika gari dogo jekundu la Halszka, ambalo umri wake ulitosha kupiga kura. Buti lilishonana: mitungi kumi na minane ya kioo yenye vipande vya nyama ya nguruwe vilivyokaangwa na kufunikwa kwa mafuta yake, kabichi chachu iliyopikwa na soseji, birika la umeme, kilo tano za viazi, na sabuni ya kufulia.

"Viazi pia?" Halszka alisema. "Unadhani huko wanakula mchanga?"

"Unajua bei ya viazi pwani mwezi wa Agosti?"

"Sijui."

"Na hutaijua."

Mpango wa Bogumiła ulikuwa kukwepa kila barabara yenye ushuru. Ramani ya karatasi ilikuwa mapajani mwake, njia imechorwa kwa nyekundu, nayo ilipita kwenye milima ambayo hata mbuzi walishangaa kuwaona. Mahali ambapo wengine walikwenda saa moja, wao walikwenda tatu nyuma ya trekta la nyasi. Walikula mchana juu ya boneti, kwa sahani za kweli na vitambaa vya kweli, kwa sababu kubana matumizi ni jambo moja na kula kama watoro ni jambo jingine.

Slovakia, karibu na Banská Bystrica, Halszka aliingia dukani kununua mkate akatoka mikono mitupu, amekasirika.

"Hawana haya watu hawa! Wameandika wenyewe juu ya rafu, mkate uliokauka. Tena bei ile ile!"

Bogumiła aliangalia dirishani, akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu mpakani. Neno lile, kwa Wapolandi, ndilo la mkate wa juzi. Kwa Waslovakia, herufi zile zile karibu zote, ni mkate uliotoka tanuri sasa hivi.

"Ni mpya kabisa, wifi. Ni neno moja, maana mbili. Lugha dada hizi, lakini dada nao hudanganyana. Ndiyo maana inafaa kusafiri na mtu aliyesoma."

"Haya, mwalimu," Halszka alisema, akarudi dukani. Mkate ulikuwa bado na moto, na kwa kilomita mia moja Bogumiła alieleza maneno mengine ya namna hiyo, moja baada ya jingine, hata Halszka akawasha redio ambayo haikushika stesheni yoyote, akasikiliza mikwaruzo.

Hungaria hawakuelewa neno hata moja, na safari ikapumzika kidogo. Walilala karibu na Ziwa Balaton kwenye bweni la shule lililopangishwa wakati wa likizo, kwenye vitanda vya ghorofa vya watoto wa miaka kumi. Halszka, mwenye miaka sitini na saba na magoti mabaya, alipangiwa juu kwa sababu Bogumiła aliingia kwanza na kuweka mkoba wake chini.

"Hiki nitakikumbuka," Halszka alisema kutoka darini. "Hiki si kitanda. Hili ni kabati la vitabu."

"Ni usiku mmoja tu. Keshokutwa unalala ukisikia bahari."

"Namhurumia anayelala chini yangu, chuma kinalia."

Siku ya pili ilikuwa ya joto la Kroatia: njia ya zamani kupitia Karlovac na Knin, madirisha yote wazi, gari likichemka kila mlima na Halszka akilimwagia maji huku akilibembeleza kama mtoto. Vyoo vya vituo vilitaka sarafu. Halszka alikataa katakata kulipia, akasema amelipa kodi ya mapato miaka arobaini na inatosha. Alikuwa akipotea vichakani na kurudi na miiba. Wakalala Knin kwa mtawa mmoja aliyewakaribisha kwa ajili ya rozari ya Bogumiła, na tarehe tano Agosti, saa nane mchana, barabara ikapinda na bahari ikatokea chini yao yote kwa mara moja.

Halszka alisimamisha gari. Kisha akasema, "Wiesiek, kaka yangu mjinga. Angekuja peke yake tu." Akatia gia.

Nyumba ya Bi Perina waliipata bila kuuliza: ya mawe, madirisha ya kijani, mtini mkubwa uani. Lakini kwenye kamba ghorofani zilikuwa zimeanikwa taulo sita na chupi za watoto, na baiskeli tatu zilikuwa zimeegemea ukuta.

Mlango ulifunguliwa na mwanamke mfupi mwenye nguo nyeusi na mikono yenye unga.

"Bi Perina? Mimi ni Bogumiła Zawiślak. Kutoka Tarnów."

Yule mama alimtazama kutoka viatuni hadi kofiani. "Wewe?" alisema, kwa lugha yake. "Wewe ndiye mwalimu? Na leo ndiyo unakuja?"

"Leo, kama tulivyoandikiana."

"Kama tulivyoandikiana!" Perina aligeukia mtini kana kwamba unapaswa kushuhudia. "Chumba kina watu. Watu wa Ljubljana, wastaarabu, wamekuja siku yao!"

Hapo Bogumiła alihisi ardhi ikisogea. Alifikiri Perina amepata wapangaji wa bei kubwa zaidi na kuwatupa wao. Alisimama wima kama alivyokuwa akisimama mbele ya darasa la wavulana wa mwaka wa mwisho.

"Mama, mimi nina barua yako. Nina mwandiko wako. Umempa mtu mwingine chumba changu."

Waliongea kila mmoja kwa lugha yake, polepole kwanza, kisha haraka, na kwa mikono. Halszka, aliyejua Kipolandi tu na maneno matatu ya Kijerumani, hakuelewa ila jambo moja: kitanda hakuna. Angeweza kukaa ndani ya gari akaanza kupanga hadithi yake ya Krismasi. Badala yake mlango wa gari ulifunguka kwa kishindo na akaja, miiba ya Knin bado kwenye sketi.

"We mama! Unamfanyia hivyo nani? Unamjua huyu ni nani? Huyu amefundisha nusu ya mji wetu kuandika! Ameandika kila kitu, ana faili! Mtu huyu hajakosea hata mkato tangu azaliwe, na wewe unamwambia amekosea siku?"

"Wifi, ngoja..."

"Singoji! Hili ni jina la kaka yangu linalochezewa hapa. Mwizi! Jamani, njooni mwone mwizi!"

Maneno mengine hayahitaji kamusi kati ya lugha dada. Mwizi ni moja ya hayo. Perina alibadilika rangi. Juu ya ukuta wa jirani vichwa vilichomoza kimoja kimoja: mwanamke mnene mwenye kisu cha kupaa samaki, mzee mwenye kofia ya nyasi, msichana na mtoto.

Perina hakupiga kelele. Aliingia ndani, akarudi na kalenda ya ukutani, ya kiwanda cha mafuta ya zeituni, akaishika mbele ya uso wa Bogumiła. Kila ukurasa ulikuwa na jina la mwezi juu kwa herufi kubwa na namba yake pembeni. Alionyesha ukurasa uliokuwa wazi, wa leo. Kolovoz, nane. Kisha akalamba kidole, akafunua wa nyuma yake.

*Srpanj*, lile neno la barua. Saba.

"Soma," Perina alisema. "Wewe si mwalimu? Soma."

Bogumiła alisoma. Alisoma tena, kama mwanafunzi anayetumaini swali litabadilika. Maneno yote mawili, la kwao na la hapa, yalitoka kwenye mundu, mwezi wa kuvuna ngano. Lakini pwani hii jua huivisha ngano mapema. Watu wa hapa huchukua mundu Julai. Huko Tarnów, kwenye baridi na mvua, mundu hungoja Agosti. Ni neno moja lenye miezi miwili, na yeye ndiye aliyekuwa ameeleza mambo hayo kwa kilomita mia moja.

Alikuwa amechelewa mwezi mzima.

Nyuma yake Halszka bado alikuwa akiwaka. "Mwambie, wifi! Anaonyesha nini hiyo? Kalenda ndiyo itatulaza? Usiogope, mimi niko hapa!"

Bogumiła hakugeuka mara moja. Kwa miaka thelathini na tisa alikuwa ametamani mtu huyu asimame upande wake mbele ya watu, na sasa alikuwa amesimama, kifua mbele, hadharani, kwa sauti ya kusikika mpaka bandarini. Na Halszka hakuwa amesoma kitu. Angeweza kumwambia lolote. Angeweza kusema, mama huyu ametudhulumu, twende zetu. Wangelala garini, wangerudi nyumbani, na mkesha wa Krismasi hadithi ingekuwa juu ya mwizi wa Dalmatia. Jina la Zawiślak lingebaki safi kama shaba. Ingebidi tu mwanamke mmoja mwenye unga mikononi abaki ameitwa mwizi mbele ya majirani zake.

Aliangalia ile mikono. Bado ilikuwa imeinua kalenda, unga umeshika pembe zake.

"Halszka," alisema, "nyamaza. Huyu si mwizi. Kosa ni langu."

"Kosa gani?"

"Chumba kilikuwa chetu mwezi uliopita. Niliusoma mwezi vibaya. Kwao lile neno ni Julai."

Halszka alisogea karibu. Alimtazama wifi yake, akatazama kalenda, akatazama lile faili la plastiki na AGOSTI yake nyekundu yenye mstari chini.

"Neno moja," alisema taratibu, "maana mbili?"

"Ndiyo."

"Kama mkate?"

"Kama mkate, Halszka."

Halszka alirudi mpaka kwenye gari, akateremsha mfuko wa viazi, akaukalia, akacheka. Alicheka mpaka machozi yakamharibia wanja, mpaka mzee wa kofia ya nyasi naye akaanza kucheka bila kujua kwa nini. "Lugha zinajifungulia zenyewe!" alisema. "Hajafungua hata kamusi! Ee Mama wa Mungu, nibaki hai mpaka Desemba tu!"

Bogumiła alimgeukia Perina, akaomba radhi. Aliomba kwa Kipolandi, kwa sababu hakuamini tena lugha nyingine yoyote, lakini aliinamisha kichwa, na hilo lilieleweka.

Perina hakulainika upesi. Mambo yakamtoka, na safari hii Bogumiła alisikiliza kila neno na kuuliza pale aliposhindwa. Kabla ya Julai hiyo Perina alikuwa amewaambia watu kwamba mwalimu anakuja kutoka Polandi, mtu anayeandika barua kama za zamani. Alikipaka chumba chokaa. Alitandika shuka za harusi yake. Alioka keki ya tini. Akangoja siku kumi, hakuja mtu, na kijiji kizima kikamcheka kwamba ametapeliwa na karatasi yenye mwandiko mzuri.

"Kwa nini hukunipigia simu?"

"Namba hukuandika. Na hata ungeiandika! Nimfuate mtu aliyenifanya kichekesho?"

Bogumiła alimwelewa kabisa. Yeye pia asingepiga.

"Kitanda sina," Perina alisema mwishowe. "Nina stoo ya chini, yenye mapipa. Mtalala huko kama mnataka. Lakini kwanza utapita nyumba hizi tatu, uwaambie mwenyewe kwamba nilisema kweli."

Alimfundisha sentensi. Bogumiła aliirudia mara tano, akasahihishwa mara tano, jambo ambalo halikuwa limempata tangu akiwa na miaka kumi na saba. Kisha akavaa kofia yake vizuri na kwenda kwenye lango la kwanza, Perina nyuma yake akiwa amekunja mikono, na Halszka nyuma ya Perina, kwa sababu asingekosa hilo hata kwa kufa.

"Mimi ni mwalimu kutoka Polandi," Bogumiła alimwambia yule mama wa kisu. "Nimechelewa mwezi mmoja. Bi Perina hakudanganywa. Mimi ndiye nisiyejua kusoma."

"Mwalimu wa nini?" yule mama aliuliza.

"Wa lugha."

Yule mama aliita ndani, "Frane! Njoo! Mwalimu wa lugha hajui kusoma!" Mzee wa kofia ya nyasi akaja, na ikabidi aseme upya. Mzee alimhakikishia kwa upole kwamba yeye pia hakusoma sana, na akampa samaki wawili. Nyumba ya pili walimpa nyanya. Nyumba ya tatu msichana aliomba arudie ili amrekodi kwenye simu, na hapo Perina mwenyewe ndiye aliyesema, "Basi, inatosha. Ameshasema," akamshika mkono na kumrudisha nyumbani.

Stoo ilikuwa baridi na ilinuka divai na chumvi. Perina alilaza mlango wa zamani juu ya mapipa mawili, akatandika godoro la sufi juu yake, na juu ya godoro akatandika zile shuka za harusi. Bogumiła alikataa, Perina akatandika tu.

"Huko kwetu," Bogumiła alisema jioni, wakiwa wamekaa chini ya mtini na samaki wa Frane, "mkesha wa Krismasi tunaweka sahani moja ya ziada kwa mgeni asiyetarajiwa. Kila mwaka ninaiweka mwenyewe. Hajaja hata mmoja, na sikuwahi kufikiri siku moja mgeni huyo nitakuwa mimi."

"Nyinyi watu wa ajabu," Perina alisema, akampa kipande kingine cha keki. "Mnaweka sahani, halafu mnakuja na viazi vyenu."

Zile siku kumi zilikwenda vizuri kuliko zilivyopangwa. Perina alionja nyama ya mtungini, akafungua mtungi wa pili. Halszka alikata nywele za kijiji kizima kwa ajili ya sikukuu ya Bikira Maria ya tarehe kumi na tano, chini ya mtini, na kwa kuwa hakuelewa wanachosema wala wao hawakumwelewa, walielewana vizuri sana. Asubuhi moja Bogumiła aliingia baharini mpaka kiunoni, amevaa kofia ya Wiesław, karatasi ya bei ikipepea kisogoni.

"Vipi?" Halszka alipaza sauti ufukweni.

"Vuguvugu," Bogumiła alisema. Alikaa humo muda mrefu.

Kisha ikaja Desemba.

Watu kumi na wanne mezani, majani makavu ya desturi chini ya kitambaa cheupe, sahani ya mgeni mahali pake. Kabla ya samaki, Halszka aliinuka na glasi yake. Bogumiła alikunja kitambaa chake mara nne na kungoja.

"Niliahidi mambo mawili," Halszka alisema. "Kitanda hakikuwepo. Palikuwa na mlango juu ya mapipa. Kwa hiyo, hadithi."

Akaisimulia. Aliisimulia yote, na bweni, na vichaka, na mkate, na kalenda, akiigiza kila mtu, Bogumiła zaidi ya wote. Watoto walilala juu ya meza kwa kicheko. Bogumiła alimkatiza mara kumi na moja. Kijiji hakiitwi hivyo. Ilikuwa mitungi kumi na minane, si thelathini. Neno hilo hutamkwa hivi, na katika sentensi ile mwisho wake hubadilika, ndivyo lilivyoandikwa kwenye barua.

"Asante, mwalimu," Halszka alisema kila mara, na kuendelea.

Alipofika mahali pale mlangoni kwa Perina, sauti yake ilishuka.

"Mimi nilikuwa nimeshamwita yule mama mwizi. Sikuelewa hata neno. Huyu angenyamaza, nisingejua mpaka leo; nisingejua mpaka kaburini. Na mnamfahamu alivyo. Mnajua kukosea kunamgharimu nini." Alizungusha glasi kidogo. "Akageuka, akasema, nyamaza, kosa ni langu. Kwa sauti. Majirani wamejaa ukutani."

Watoto waliinua vichwa.

"Kwa hiyo," Halszka alisema, "kaka yangu alioa vizuri. Sasa nipeni samaki, nina njaa."

Bogumiła alifungua mdomo kwa mazoea. Alitafuta, lakini katika sentensi ile hapakuwa na kitu cha kusahihisha.